Muuza Magazeti wa Watchmen: Hotuba kwa Sisi Tunaobishana

Maneno haya niliyasema mbele ya mkusanyiko wa wasomaji wa riwaya za katuni. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika. Pale nilipoonyesha ukurasa, nimeueleza kwa maneno.

Ndugu zangu wasomaji, habari za jioni.

Naomba nianze kwa swali, nanyi mnyooshe mikono. Ni wangapi humu ndani mmesoma Watchmen? Naona wengi. Haya, msishushe mikono bado. Ni wangapi mmewahi kukosana na mtu kwa sababu ya kitabu hicho? Hakuna mkono ulioshuka. Asanteni, sasa shusheni.

Hicho ndicho kilichonileta hapa jioni hii. Sikuja kuwaambia kwamba kitabu ni kizuri, kwa sababu mmeshaambiwa hivyo na kila mtu. Nimekuja kuzungumza juu ya ubishi wetu. Nimeusikiliza kwa miaka mingi, nimeushiriki kwa miaka mingi, na nimefika mahali naamini kwamba sote, mimi nikiwa wa kwanza, tumekuwa tukibishana juu ya watu wasiohusika.

Kwa ambao hamjakisoma, nitawapa kiini chake, na mniwie radhi mapema: nitasimulia mpaka mwisho, maana ugomvi wenyewe uko mwishoni. Watchmen iliandikwa na Alan Moore na kuchorwa na Dave Gibbons, wote Waingereza. Rangi alitia John Higgins. Ilitolewa Marekani na kampuni ya DC Comics kati ya 1986 na 1987, matoleo 12, kisha yakaunganishwa kuwa kitabu kimoja. Mwaka 1988 ilipata Tuzo ya Hugo. Mwaka 2005 jarida la Time likaiweka kwenye orodha ya riwaya 100 bora za Kiingereza tangu 1923, riwaya ya katuni peke yake katika orodha nzima.

Ndani ya kitabu ni 1985, lakini si ile 1985 iliyopita duniani. Richard Nixon bado ni rais. Marekani ilishinda vita vya Vietnam kwa sababu ina Doctor Manhattan, mtu wa buluu ambaye akikusudia tu, kifaru kinafumuka vipandevipande. Wenzake wengine waliovaa vinyago ni binadamu kama mimi na wewe, wanaojichukulia sheria mkononi, na tangu 1977 wamepigwa marufuku. Usiku mmoja wa Oktoba mmoja wao, Edward Blake, anatupwa kutoka dirishani. Rorschach, aliyekataa kuvua kinyago hata baada ya sheria, anaanza kumsaka muuaji. Muuaji ni mwenzao wa zamani, Adrian Veidt, mtu mwenye akili kuliko wote. Ametengeneza dubwana mfano wa ngisi, kubwa kupita majengo, na analitupa katikati ya New York. Mamilioni wanakufa. Marekani na Wasovieti, waliokuwa ukingoni mwa vita vya nyuklia, wanaamini dunia imevamiwa na viumbe wa kutoka nje, wanaweka silaha chini. Rorschach anakataa kuitunza siri hiyo. Doctor Manhattan anamuua kwenye theluji ya Antaktiki, yaliko makao ya Veidt.

Sasa mnaujua ubishi. Rorschach au Veidt? Ukweli hata kama dunia itaungua, au uongo unaookoa dunia? Keti na wasomaji wowote wa kitabu hiki, ndani ya dakika kumi mtakuwa mmeshafika hapo.

Mimi nilikuwa upande wa Rorschach. Nilikisoma mara ya kwanza kwa usiku mbili, karibu bila kulala, na nilipofunga ukurasa wa mwisho nilikuwa na hasira kana kwamba nimefiwa. Nilimpenda. Nilimpenda kwa sababu hakupinda. Nilinakili sentensi za shajara yake kwenye daftari langu na nikazisema kwa sauti nilipokuwa peke yangu. Nawaambia haya ili mjue simzungumzii msomaji mwingine. Alan Moore mwenyewe amewahi kueleza kwenye mahojiano jinsi watu walivyokuwa wakimjia na kumwambia kwamba wao ndio Rorschach, kwamba ile ni hadithi ya maisha yao, na jinsi jambo hilo lilivyomtia wasiwasi, kwa kuwa alikuwa amemwandika mtu huyo kama onyo. Anamwandika mchafu, mpweke, mwenye harufu, anayekula maharage baridi kutoka kwenye kopo la mtu mwingine, anayewachukia nusu ya wanadamu. Na sisi tukasema, huyu ndiye.

Kwa nini? Nimejiuliza sana. Nadhani ni kwa sababu kitabu kinaanza na sauti yake. Mtu anayeanza kusema ndiye tunayemwamini.

Lakini hebu turudi kwenye ukurasa wa kwanza wenyewe, tuutazame polepole. Kisanduku cha kwanza: beji ya njano yenye uso unaotabasamu, iko kwenye mfereji wa barabara, na damu imeipita juu ya jicho. Kisha jicho letu linapanda juu, kisanduku baada ya kisanduku, kana kwamba tumefungwa kamba na kuvutwa angani. Tunaona damu ikienda na maji. Tunaona mwenye duka ameshika bomba, anaosha lami. Tunaona mwanamume mwenye nywele nyekundu, amebeba bango linalosema mwisho umekaribia, anapita katikati ya ile damu na kuacha nyayo. Tunapanda, tunapanda, mpaka dirisha lililovunjika.

Nilipousoma ukurasa huo mara ya kwanza, nilimtazama yule mwenye bango? Sikumtazama. Nani hutazama mtu wa namna hiyo? Mpaka mwisho wa sura ya tano, polisi wanapomvua Rorschach kinyago, ndipo ninaona uso ule, nywele zile zile nyekundu. Alikuwepo tangu ukurasa wa kwanza. Nilikuwa nikimtafuta shujaa juu ya mapaa na alikuwa barabarani mbele yangu, mtu wa kawaida niliyemruka.

Ndugu zangu, hilo ndilo kitabu kinalofanya. Kinakupa mtu wa kumtazama, na pembeni yake kinakuwekea mtu wa kumruka. Kisha kinasubiri.

Sasa niwaulize: ni nani mwingine tuliyemruka?

Kuna kona moja ya barabara ndani ya Watchmen. Iko New York, na tunarudi hapo tena na tena. Kwenye kona kuna kibanda cha magazeti. Muuzaji ni mzee mnene mwenye masharubu na kofia, anaongea bila kupumzika, na kwa kuwa anasoma vichwa vyote vya habari anaamini hakuna anayeielewa dunia kumzidi. Si mtakatifu. Tunapokutana naye anasema Urusi ingepigwa kwa nyuklia tu yaishe. Karibu na miguu yake ameketi mvulana mweusi, mgongo wake ameuegemeza kwenye nguzo ya kuchajia magari, kwa sababu katika dunia ile magari yanatumia umeme. Anasoma katuni ya maharamia. Hainunui. Anaisoma bure kila siku, na mzee analalamika kila siku.

Mwenye bango hupita hapo kuchukua gazeti lake. Mzee anamtania kwamba dunia haijaisha bado. Mnaona? Rorschach amesimama kibandani mara nyingi, na hakuna aliyemjua, na yeye hakumjua yeyote.

Wengine hupita pia. Dereva wa teksi, mwanamke, ambaye mapenzi yake na msichana wake yanavunjika. Wapelelezi wawili wa polisi. Na Malcolm Long, daktari wa akili, ambaye nitarudi kwake, maana kwangu yeye ndiye mtu muhimu kuliko wote katika kitabu hiki, na sijawahi kusikia ubishi hata mmoja juu yake.

Nilisoma Watchmen mara tatu kabla sijajua kwamba kona hiyo ni hadithi. Mara tatu! Niliipita kama tunavyopita mandhari. Nilidhani ni mapumziko kati ya mambo ya maana.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja, msomaji mwenzetu, ambaye hakuwa amesoma katuni tangu utotoni. Tuliketi watu wanane hivi, tukibishana, sauti juu, Rorschach huku, Veidt kule. Yeye alikuwa kimya. Mtu akamwuliza, mama, wewe uko upande gani? Akasema, "Mimi nililia kwa ajili ya yule muuza magazeti." Chumba kikanyamaza. Si kwa sababu alisema jambo kubwa, bali kwa sababu nusu yetu tulikuwa hatukumbuki kwamba kuna muuza magazeti.

Wazee walisema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Sisi tulikuwa tumekaa tukipima pembe za fahali.

Sasa turudi kwa Rorschach, kwa sababu nataka kuwaonyesha kwamba hata hoja yake inajibiwa kwenye kona ile. Mnakumbuka kinyago chake kilitoka wapi? Sura ya sita. Jina lake la kuzaliwa ni Walter Kovacs, anafanya kazi kwenye kiwanda cha nguo. Msichana mmoja ameagiza gauni la kitambaa kipya, cheusi na cheupe kinachohama kikipata joto, kisha akalikataa kwamba ni baya. Kovacs akalichukua. Miaka miwili baadaye anasoma gazetini kwamba msichana ameuawa nje ya nyumba yake, na karibu majirani arobaini walisikia na hakuna aliyefanya kitu. Jina la msichana ni Kitty Genovese. Kovacs anaona aibu kwa ajili ya wanadamu wote. Anarudi nyumbani, anakata lile gauni, anajitengenezea uso ambao ataweza kuutazama kwenye kioo.

Kitty Genovese alikuwa mtu halisi. Aliuawa Queens, New York, Machi 1964. Gazeti la New York Times lilichapisha kwamba watu 38 walishuhudia na hawakupiga simu polisi, na habari hiyo ikafundishwa vyuoni kwa miongo kama ushahidi kwamba mjini hakuna utu. Lakini watafiti walipoifuatilia, ilibainika ilikuwa imetiwa chumvi. Wengi wa majirani hawakuona wala kuelewa kilichokuwa kikitokea. Inaaminika kuna aliyepiga simu. Na jirani mmoja, mwanamke, alishuka ngazi usiku ule, asijue kama muuaji bado yupo, akamkumbatia Kitty alipokuwa akikata roho. Mwaka 2016 gazeti lenyewe lilikiri kwamba taarifa yake ya awali ilikuwa na kasoro.

Moore alipoandika hakuwa na habari hizi mkononi kama tulivyo nazo sisi. Lakini tazameni alichofanya.

Sura ya sita, Kovacs yuko gerezani, na Malcolm Long amepewa kazi ya kumtibu. Daktari anaingia akiwa mchangamfu. Ana imani na dawa yake, ana ndoa nzuri, anaamini kila mtu anaweza kusaidiwa. Anamwonyesha madoa ya wino, anamwuliza anaona nini. Kovacs anadanganya: kipepeo mzuri. Siku baada ya siku anaanza kusema kweli, na kweli hiyo ni mtoto wa miaka sita aliyetekwa, na mbwa waliokuwa wakigombania mfupa, na moto. Mwisho wa sura ni Malcolm anayebaki peke yake. Mkewe amechoka kusikia habari za huyo mtu, ameondoka chumbani. Daktari anaketi kitandani na kutazama doa lile la wino. Anajitahidi aone mti unaotoa kivuli. Haoni mti. Anaona weusi mtupu, usio na maana yoyote.

Wasomaji wengi wanaishia hapo. Wanasema: basi, Rorschach ameshinda. Ameonyesha dunia ilivyo, na daktari amekubali.

Hapana. Malcolm Long hajamaliza. Sura ya kumi na moja yupo kwenye kona, usiku, na mkewe amekuja kuzungumza naye ili warudiane. Dakika zimebaki chache, nao hawajui. Ng'ambo yao yule dereva wa teksi na msichana wake wamegombana. Msichana yuko chini, anapigwa mateke. Malcolm anageuka. Mkewe anamwambia asiende, tena anamwambia wazi: ukijiingiza tena kwenye taabu za watu, usinitafute. Naye anamjibu kwamba anasikitika, lakini katika dunia kama hii kusaidiana ndicho kitu pekee chenye maana kinachobaki. Anaenda. Na wapelelezi wanaenda. Na wengine waliokuwa wakipita wanaenda. Mwanamke anapigwa barabarani New York usiku, na majirani wanakimbilia alipo.

Mnaliona jambo hili? Kovacs alijenga uso wake juu ya imani kwamba hakuna atakayekuja. Wakaja! Wakaja watu wasio na kinyago, wasio na nguvu zozote, mmoja wao akiwa ndiye mtu ambaye Rorschach alimvunja moyo. Rorschach hakuliona. Wakati huo yuko Antaktiki akimfukuza fahali mwenzake. Na Veidt hakuliona. Amekwisha kubonyeza kitufe cha kumtupa dubwana lake.

Kila nikifika ukurasa ule natetemeka, na sioni aibu kuwaambia.

Basi sasa tunaweza kuzungumza juu ya ngisi. Maoni haya nayasikia kila mara: kitabu chote ni cha watu wazima, halafu mwisho ni ngisi wa kuchekesha. Filamu ya Zack Snyder ya 2009 ilimwondoa kabisa. Mahali pake ikaweka milipuko inayosingiziwa Doctor Manhattan. Na wapo wanaosema filamu ilirekebisha kosa, kwa kuwa inaingiana vizuri zaidi na hadithi. Siwadharau. Kama mpango, wa filamu ni mpango nadhifu.

Lakini naomba mfungue sura ya kumi na mbili. Kwa sura kumi na moja Gibbons ametufungia kwenye visanduku. Tisa kwa ukurasa, tatu kwa tatu, safu kwa safu. Mara vinaungana, lakini gridi iko pale pale, kama pigo la saa. Macho yetu yamezoea. Kisha tunageuza ukurasa na gridi imekwenda. Picha moja imejaza ukurasa mzima. Maiti. Geuza. Ukurasa mzima tena, maiti. Sita mfululizo, na hakuna mtu anayesema neno. Waliokuwa kwenye ukumbi wa muziki wananing'inia. Mikono ya dubwana imepasua majengo. Na ukitazama kwa makini kwenye kona yetu, utamwona kila mmoja uliyekuwa ukimruka.

Ukisema ngisi anachekesha, nitakuuliza kwa upole: ulimtazama ngisi, au ulitazama waliolala chini yake? Kama kona ilikuwa kwako mandhari, ni kweli, umebaki na ngisi tu. Filamu ilipoonyeshwa kumbini, mzee na mvulana hawakupewa nafasi isipokuwa kwa kupita; kisa cha maharamia kilitolewa kando kama katuni ya kivyake. Mji wao ukalipuka kwa mwanga safi wa buluu, na miili haikuonekana. Simlaumu mtu aliyeitazama filamu ile akatoka akisema pengine Veidt yuko sahihi. Hesabu ya Veidt ni rahisi kukubalika pale wafu wanapokuwa namba.

Na hapo ndipo niwaombee radhi maharamia. Mara ngapi nimesikia, "Zile kurasa za meli niliziruka"? Watu wanaziruka kwa sababu zinachanganya: kwenye kisanduku kimoja muuza magazeti anaongea, na maneno ya maharamia yanapita juu yake. Ile ndiyo katuni anayosoma mvulana. Katika dunia yenye wavaa vinyago wa kweli, nani atanunua hadithi za wavaa vinyago? Wanasoma maharamia.

Kisa chenyewe: baharia amenusurika meli yake ilipovamiwa na meli nyeusi. Anaamini meli hiyo inaelekea mjini kwake kumwulia mke na watoto. Lazima afike kwanza. Anajenga chelezo kwa maiti za wenzake zilizovimba, kwa kuwa zinaelea. Anafika pwani na anaamini kila amwonaye ni mshirika wa maharamia. Anaua. Anaingia nyumbani kwake gizani na kumpiga mtu kwa nguvu zake zote, na mtu huyo ni mkewe. Meli nyeusi haikuja kwa ajili ya mji. Iko baharini inamsubiri yeye. Anaogelea kuifuata.

Katika sura ya mwisho Veidt, akiwa amebaki na Doctor Manhattan, anaanza kusema kwamba usiku huota anaogelea kuelekea kwenye kitu fulani cha kutisha, kisha anajikatiza na kusema haidhuru. Ni sentensi moja tu. Aliyeruka maharamia haimwambii chochote. Aliyewasoma anajua Veidt ni nani na anaelekea wapi: mtu aliyetaka kuwaokoa watu wake kwa kujenga chelezo kwa miili yao. Hukumu ya Veidt, ile tunayoitafuta kwa kupigizana kelele, ilikuwa mikononi mwa mvulana aliyeketi chini barabarani, na mzee alikuwa akimwambia anunue au aondoke.

Kuna maoni mengine ambayo siwezi kuyapita, ingawa hayaingii vizuri kwenye hoja yangu, na pengine kwa sababu hiyo hiyo nayasema. Wasomaji wengi wanawake wamesema kitabu hiki kinawapunja wanawake. Wana haki. Edward Blake anajaribu kumbaka Sally Jupiter, mvaa kinyago mwenzake, mwaka 1940, kurasa zinaonyesha, na baadaye tunaambiwa Sally alimzalia binti, na tunamwacha mwishoni akiibusu picha yake. Laurie, binti huyo, ni mpenzi wa mtu katika nusu ya kitabu na binti wa mtu katika nusu nyingine. Hana kazi, hana rafiki, hana hata jambo moja analolifikiria lisilohusu mwanamume au mama yake. Nimejaribu kukitetea kitabu hapa. Nimesema sura ya tisa, kule Mars, ni yeye anayemfanya Doctor Manhattan aone tena kwamba uhai ni muujiza. Msomaji mmoja alinijibu: ndiyo, lakini anamshawishi kwa kulia, na muujiza wenyewe ni nani alimzaa, si yeye alichokifanya. Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Kitabu kilichowatazama watu wa kibandani kwa huruma namna ile kilishindwa kumtazama Laurie, na mpenzi wa kitabu lazima aweze kusema hivyo kwa sauti.

Nimezungumza kuliko nilivyopewa muda. Kabla sijawapa nafasi, turudi kibandani mara moja.

Mwisho wa sura ya tatu habari zinafika kwamba Wasovieti wameingia Afghanistan. Yule mzee, aliyetaka Urusi ipigwe, anaishika karatasi na sauti yake inabadilika. Kwa mara ya kwanza anaogopa. Anamgeukia mvulana, anamwambia aichukue ile katuni, bure. Kisha anavua kofia yake na kumpa pia. Mvulana anaipokea, na tangu hapo, kila tunapomwona, amevaa kofia ambayo ni kubwa kwake.

Wameonana kila siku, na hawakuwahi kuulizana majina mpaka usiku wa mwisho. Mzee ni Bernard. Mvulana anasema yeye pia ni Bernard. Mzee anashangaa: jina moja! Kisha kuna mwanga.

Vitabu mnavyo mikononi. Naomba mfungue sura ya kumi na moja, ukurasa wa mwisho kabisa. Mtaona watu wawili, visanduku vinazidi kuwa vyeupe, na mkubwa amejitupa juu ya mdogo kumkinga. Tazameni mikono yao kwanza, halafu tuanze kubishana. Mama aliyeketi pale mbele, karibu, wewe uwe wa kwanza.